Nambari Nne

Desmond Pargeter alisimama wa nne kwenye mstari, kibandiko cha nambari kifuani, suruali ya ngozi ikimbana kama kiatu cha kuazima. Pembeni yake walipangwa wanaume wengine wanne wa makamo, wote nywele zimepakwa rangi ya njano ileile. Kati ya hao watano, mmoja aliwahi kuwa mwimbaji wa kupendwa. Kazi ya timu zilizoketi mezani ilikuwa kumtambua. Kipindi hicho cha televisheni, cha vichekesho vya muziki, kilikuwa kimefanya hivyo miaka nenda miaka rudi: mtu anaalikwa kwa heshima, anapewa chai na biskuti, halafu anachekwa.

Desmond hakujali kuchekwa. Alitaka tu atambuliwe, ili binti yake Bryony aje kuona. Bryony alizaliwa wimbo uliompa Desmond jina ukiwa umeshasahaulika, akakua bila mama, na aliamini kwa upole kabisa kwamba baba yake anatia chumvi.

Fenella Goss, nahodha wa timu mojawapo, aliwakagua.

"Wa kwanza ana sura ya askofu aliyetoroka kanisani."

Watu wakacheka. Kola nyeupe ya kiaskofu ikamwota wa kwanza shingoni. Ilimkaa vizuri.

"Wa tatu muuza vitanda huyo. Usimwangalie machoni, utaondoka na kimoja."

Wa tatu akatoa mfukoni funguo za duka, akaanza kuwazia magodoro yake.

"Na huyu wa nne, jamani, si ndiye alikuja kwangu juzi kusoma mita ya umeme?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Desmond naye akacheka, maana pale ukinuna unaonekana huna utani. Alipomaliza kucheka alikuwa ameshika tochi, amevaa koti la buluu lenye kitambulisho.

Timu ikamchagua wa pili, daktari wa meno kutoka Leeds. Mtangazaji akaomba mwimbaji halisi asogee mbele. Desmond akasogea.

"Mita iko nyuma ya jukwaa, kaka," mtangazaji akamwambia.

Akaenda akaisoma, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Nyumbani Luton ufunguo haukufungua tena, akabonyeza kengele. Bryony akafungua.

"Leo mmechelewa. Pita, iko chini ya ngazi. Angalia baiskeli ya mzee, inapenda kuangukia watu."

Desmond akasoma tarakimu. "Mzee yupo?"

"Kaenda Londoni, eti kwenye televisheni. Baba yangu kwa chumvi, we acha tu."

Akampa chai, sukari pembeni, kama anavyopewa mgeni.

Desmond akapanga chumba upande wa pili wa mji. Ikawa kila zamu yake ikifika mtaa ule, anabonyeza kengele. Alijaribu mara moja kumwambia kuwa yeye ndiye baba yake. Bryony akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama kampuni inawapa likizo za kutosha.

Jioni ambayo kipindi kilirushwa, zamu ilikuwa ya mtaa ule. Bryony alikuwa peke yake, sahani ya maharage na mkate magotini.

"Kaa kidogo, bwana. Nisaidie kumtafuta baba, kwenye tangazo zile nywele zilinivuruga. Tangu aondoke hajapiga hata simu. Labda kweli amekuwa staa, kanisahau."

Desmond akaketi kwenye kiti alichokinunua mwenyewe. Kwenye televisheni wale watano wakaingia, wakajipanga.

"Ni wa nne," akasema.

Bryony akaisogelea televisheni. Akamtazama wa nne, akageuka akamtazama Desmond.

"Acha masihara. Wa nne si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi tulia nimtafute."

Fenella Goss akasema utani wake, ukumbi ukacheka. Bryony hakucheka. Alikuwa ameweka kidole kwenye kioo, anawapitia polepole: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa tano.