Machungwa ya Kilo na Machungwa ya Kuhesabu

Haya nimeyapata kwa Kafedha mwenyewe, Jumapili iliyopita tukitoka kanisani, na hakuwa na chupa ya maji mkononi, jambo nisiloliona tangu Pasaka.

Kafedha huuza machungwa Likoni, karibu na kivuko. Kiu ilimshika ikawa akinywa jagi anakojoa jagi. Sukari wakapima, hakuna. Mwisho daktari Jerioth wa kliniki ya huko juu akasema huenda ubongo wake hautoi ile homoni inayoziambia figo zizuie maji. Ili apimwe alizuiwa kunywa maji tangu alfajiri hadi saa saba mchana, nesi akimfuata mpaka mlango wa choo asije akainamia mfereji. Ulimi ulimganda kinywani. Ndipo akatolewa damu, ikatiwa chupa mbili, kila moja na maabara yake, daktari apate uhakika.

Wiki mbili zikapita, akaitwa. Karani Nicanor, mtu mzima wa miwani, alizitazama karatasi mbili akatikisa kichwa. Moja ilisema 0.8, nyingine 0.74. Hazilingani, akasema, na zisipolingana kipimo hurudiwa. Aje Jumatatu, asiwe amenywa kitu.

Kafedha akauliza kama daktari ameziona. Hajaziona, utaratibu ni zilingane kwanza. Damu si ile ile, mkono mmoja, sindano moja? Ni ile ile. Sasa imekuwaje? Nicanor akasema yeye haandiki majibu, hupokea tu, akamwandikia Jumatatu kwenye kadi.

"Baba, ushawahi kushinda na kiu ukaona mtu anaosha gari?"

Kafedha akazivuta karatasi. Mbele ya 0.8 paliandikwa pg/mL, mbele ya 0.74 pmol/L. Maana yake hakuijua, ila ugomvi wenyewe aliujua. Mwenye duka la sharubati hununua kwake kwa kilo, mkewe huhesabu. Mume akiandika nne, mke akiandika ishirini, wote wawili humjia Kafedha juu kuwa amewapunja, na kapu ni lile lile.

"Hawa hawakupima kwa kipimo kimoja," akasema.

Nicanor akasema mama, hayo ni ya wataalamu.

"Basi niitie mtaalamu. Mimi sitoki hapa, na choo chenu mtakipangia foleni."

Daktari Jerioth akaja, akasoma, akatoa simu yake. Maabara ya kwanza, akaeleza, imepima uzito wa homoni, ya pili imehesabu chembe zake. Kwa homoni hii, ile ya uzito ukiizidisha kwa 0.92 unapata ile ya chembe. Akapiga hesabu: 0.736, yaani 0.74 ukiikadiria.

"Ni jibu moja," akasema, "na ni dogo mno kwa mtu aliyeshinda bila maji."

Akamwambia Nicanor asome herufi kabla ya kulinganisha namba, kisha akaandika vidonge vya kushika nafasi ya homoni ile. Nicanor akaikata Jumatatu kwenye kadi, akauliza kwa upole machungwa yanauzwaje.

"Wewe nitakuuzia kwa kilo, mkeo kwa kuhesabu. Mkagombane kwenu."

Nyumbani alimeza kidonge cha kwanza. Munga, mumewe, aliyechoka na mlango wa choo kufunguliwa kila saa usiku, alishasinzia kitini. Saa tisa za mchana Kafedha alijilaza mkekani, chupa ubavuni, akingoja haja imwinue. Haikumwinua. Akapitiwa na usingizi.