Udongo Unaorudi Keko

Saa moja kasoro asubuhi Tupokigwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Bupe, alikuwa anafagia mbele ya mlango wake udongo uliporudi. Ulikuja kwa barabara ya lami, upande wa kushoto kama magari, mwembamba na mrefu, ukitoa mlio wa mchele unaopetwa. Ukaingia kwenye geti la kiwanja jirani, ukashuka shimoni, ukalala.

Kiwanja hicho zamani kilikuwa karakana ya kutia dawa mbao. Kwa miaka kumi na tisa mbao zilichovywa kwenye matangi, zikatoka za kijani, mchwa asiziguse. Matangi yalivuja. Karakana ilipofungwa, kisima cha Mama Bupe kilikuwa kinatoa maji ya rangi ileile.

Kampuni ya kusafisha ilileta katapila na malori, ikisema udongo wenye sumu ukiondoka, kisima nacho kitashughulikiwa. Mama Bupe alihesabu wiki kwa vidole. Binti yake, Bupe, alikuwa na mimba ya kwanza, naye alishakuja kwa mama yake kusubiri kujifungua. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto siku arobaini, mtoto naye huogeshwa. Maji ya bomba hutoka Jumanne tu.

Udongo haukupelekwa mbali. Mabondeni watu huomba kifusi kabla ya masika, na Erasmus, msimamizi wa kampuni, aliwagawia. Marselino, fundi vitanda, alimwagiwa lori tatu nyuma ya nyumba. Asubuhi hakukuta hata koleo moja la udongo.

"Cha bure kina miguu," alisema, akaomba lori nyingine.

Ikawa hivyo kila siku. Malori yanaupeleka mchana, alfajiri unaanza safari ya kurudi. Mafundi walizima mashine za randa, wenye kofia wakavua, wakasimama kama linapopita jeneza la mtu wasiyemjua. Mama Bupe hakuwahi kuona kitu kikubwa namna ile kikitembea kwa adabu. Mizizi, vizibo vya soda na vumbi la mbao vilisonga pamoja bila kusukumana. Siku moja aliuamkia shikamoo. Udongo ukapunguza mwendo hadi alipoinua kichwa.

Mpimaji wa sumu alikuja Jumanne saa sita mchana. Akakuta shimo tupu, akachota mchanga wa chini, akaandika kwamba kiwanja ni safi, na kwa hiyo kisima hakihitaji kazi. Mama Bupe alimfuata Erasmus.

"Mwanangu, mwambie aje asubuhi."

"Ofisi yao inafunguliwa saa mbili, mama."

"Saa mbili mnakuwa mmeshaupakia."

"Ndiyo kazi yetu, mama."

Siku hiyohiyo Bupe alitoka hospitali na mtoto wa kike. Bomba halikutoa maji.

Jumatano Mama Bupe alichota kisimani. Alikuwa anavuka uani na ndoo ya maji ya kijani udongo ulipotokea barabarani. Kampuni ilikuwa imemaliza kazi na malori yake yameshaondoka Keko, na mlinzi wa kiwanja alikuwa amesimama getini na kufuli mpya, akiusubiri uingie. Mama Bupe alitua ndoo, akasimama mpaka mkia wa udongo ukapita na geti likafungwa.

"Mama, maji?" Bupe aliita kutoka ndani.

"Yanakuja."

Akainua ndoo, akaenda kubandika.