Kidole cha Blandine

Saa sita mchana Blandine alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyumbani kwake Kapata, na marehemu mume wake, Ntambwe, akaanza kugonga chini ya sakafu kama kila siku. Tangu shimo la wachimbaji limfukie, sasa mwezi wa pili, hakuruka hata Jumapili. Majirani walishika tu sahani zao zisitikisike, wakaendelea kula.

Ila siku hiyo Blandine alielewa. Alikuwa amepigwa sindano ya tatu na madaktari wa majaribio, waliochagua wanawake waosha mawe ya madini wasiojua kusoma. Dawa ya kufungua kichwa, walisema. Walianza na panya, panya wakajifunza kupanga mstari. Yeye alikubali kwa sababu ya sabuni waliyogawa. Sasa alihesabu kila pigo: mita kumi na nane kwenda chini, nyuma ya choo cha shule. Kumbe siku zote hizo mume alikuwa akitaja mahali alipo, na yeye anapika! Roho ilimuuma. Matanga hayajafungwa, maiti haijaonekana, na Jumatatu kampuni ya mgodi ingejaza shimo udongo.

Alifunga kitambaa, akaenda ofisini kwa Kabemba, karani wa kampuni.

"Tata, najua fasi kwenye bwana yangu iko. Mumutoshe inje mbele ya kujaza shimo."

Kabemba alifungua faili bila haraka. "Mama, bwana yako alienda Dilolo. Njo vile ulituambia weye mwenyewe."

Mwishoni mwa karatasi aliyoitoa kulikuwa na alama ya kidole cha Blandine. Alikitia siku ya kilio, alipoambiwa ni karatasi ya kuomba Ntambwe atafutwe. Sasa aliisoma mwenyewe: mume wangu hakuingia shimoni, amehama, sitadai kitu. Mama wee! Mkono wake mwenyewe!

Akaomba kalamu. Aliandika ukurasa mzima kwa Kifaransa safi, na vifungu vya sheria ambavyo Kabemba ilibidi avitafute kitabuni. Vyote vilikuwemo.

"Umeandika muzuri sana, mama," alisema Kabemba kwa heshima. "Lakini hapa kwa faili bameandika: bibi ya Ntambwe hajue kusoma wala kuandika. Weye unajua. Basi, haiko weye bibi yake."

"Ni mi! Angalia kidole!"

Kabemba alileta wino, akalinganisha alama mbili kwa makini.

"Kidole ni yake," alikubali. "Kichwa haiko yake. Umulete bibi mwenyewe."

Jumatatu asubuhi malori matatu yalimwaga udongo shimoni. Kabemba alimletea Blandine kiti kivulini, akamuuliza kama mke wa Ntambwe atafika.