Kiapo cha Mbuzi wa Gunia

Hakuna mtu aliyeapa uongo mara nyingi kama Koome wa Mbaabu, na hakuna aliyepigiwa makofi kwa uongo kama yeye. Kwa miaka ishirini na mitano alizunguka na kikundi cha maigizo cha Embu, wakilala juu ya madawati na kushukuriwa kwa chai. Lakini asubuhi hii ya mwaka 1997, hapa Muthara, mbuzi aliyefungwa mbele yake hakuwa wa kuigiza.

Kesi ilikuwa ya shamba. Jirani yake, Riungu, alidai kwamba mwaka wa njaa, themanini na nne, marehemu Mbaabu, babake Koome, alimpa babake Riungu, naye marehemu, ekari mbili anazokaa Koome kwa ng'ombe mmoja na magunia sita ya mahindi. Karatasi hakuna, na waliopatana wamezikwa. Wazee wakaamua Koome ampige mbuzi kwa rungu huku akiapa kwamba shamba halikutolewa. Anayeapa uongo kwa namna ile hadumu, wala watu wa nyumba yake hawadumu. Hilo hata wanaokwenda kanisani hawalifanyii mzaha.

Na Koome alijua ukweli, kwani mahindi yale aliyabeba kwa mgongo wake mwenyewe. Lakini kwenye ekari hizo kulikuwa na nyumba, miti ya miraa, mkewe, na Makandi, bintiye aliyefundisha shule ya msingi. Wakishindwa, wote wangehamia chumba chake kimoja kule mtaa wa Majimbo, Embu, wakae wakitazamana. Basi alikuwa amejipanga: kichwa juu, sauti chini, pumzi moja kabla ya neno la mwisho.

Riungu akasimama.

"Wazee wangu, huyu kiapo haimshiki. Kiirua, kwa hall ya kanisa, alikuwa mwizi ya ng'ombe, akaapa na Biblia mkononi. Embu alikuwa kijana anakana baba yake. Na hapa hapa Muthara, seventy-nine, aliapa na mbuzi ya mchezo, ya kushonwa na gunia, ati hakuua ndugu yake, na sisi sote tumeona akimuua! Kiapo ilimuua? Si ndiye huyu, amenona?"

Watu wakaangua kicheko. Koome naye nusura acheke, maana kukumbukwa vizuri hivyo ni raha hata akukumbukaye akiwa adui. Kisha akaona kwamba wazee hawacheki.

Walinong'onezana kwa muda mrefu. Mzee Kathuri, mkubwa wao, akasema, "Koome, mdomo yako tumekataa. Lakini kiapo ni ya nyumba. Ataapa msichana yako."

Makandi hakungoja kubembelezwa. Akavua viatu. "Nitaapa, wazee. Baba ameniambia hatukupeana shamba, na baba yangu hawezi kunidanganya."

Koome akasema, "Ngojeni." Sauti iliyojaza kumbi bila kipaza sauti haikufika hata kwa aliyeketi karibu naye. Makandi akapokea rungu. Mbuzi akalia. Mzee Kathuri akamwongoza maneno, naye akayafuata bila kutetemeka, kama anayesoma majina darasani: "Kama babu yangu alipeana hii shamba, mimi Makandi..."

"Weka chini!" Koome alikuwa amekwisha kumrukia, akamkamata mkono. "Ilipeanwa. Nilibeba mahindi mimi mwenyewe. Jameni, shamba ni ya Riungu."

Mzee Kathuri akamtazama sana. "Koome, na hii nayo ni mchezo?"

"Hapana, mzee." Alikuwa akilia, na aliona haya kulia bila kupangiwa. Riungu, mshindi, akainamisha kichwa.

Makandi alitangulia njiani, viatu mkononi, Koome akimfuata nyuma. Mlangoni pa nyumba binti akasimama.

"Baba, wangekukubali wewe, ungeapa?"

Koome alikuwa na majibu mengi, yote ya kuaminika. "Ningeapa," akasema.

"Na kiapo ingeshika nani, Baba? Mimi si ni wa nyumba yako?"

Makandi akaingia kumwambia mama yake waanze kufunga vyombo.