Fundi Sikio na Upande wa Kulia

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Sikio, na lakabu hiyo aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Miaka thelathini ametengeneza redio, na watu walisema redio ikipita barabarani mkononi mwa mtu, yeye akiwa kibandani kwake, anakujulisha kama spika imechanika au kondensa imechoka. Kwa hiyo Jumamosi ile, binti yake alipomaliza kuunda hedifoni za umeme tuli, hakukuwa na mjadala ni nani azisikilize kwanza.

Binti alizihangaikia miezi minne kwenye meza ya chakula, hata mama yake akazoea kupakulia jikoni. Hedifoni hizo hazina sumaku wala koili ya waya kama za dukani. Kila upande una utando wa plastiki mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, umevutwa ukakaza, ukapakwa dawa ya kupitisha umeme kidogo, kisha ukawekwa katikati ya sahani mbili zenye matundu. Umeme mkali hukaa kwenye utando, muziki unakuja kwenye sahani, na utando unatetemeka. Tando sita zilimpasukia kabla hajapata mbili zilizotulia.

Mgeni wao alikuwa mwenye studio ya kurekodi, rafiki wa zamani wa Fundi. Alitafuta mtu wa kukaa kwenye mitambo, na alishasema wazi kwamba akizipenda hedifoni, binti anaanza kazi mwezi ujao. Lakini alimpa mwenzake heshima yake.

"Wewe ndiye sikio," alisema. "Anza wewe."

Fundi akazivaa, binti akawasha wimbo. Kushoto alisikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza juu ya nyuzi, hata mwimbaji alivyovuta pumzi. Kulia alisikia mtu anayeimba chini ya blanketi.

"Kulia kumekufa," alisema, kwa sauti ya mwalimu.

"Nimepima, Baba. Pande zote ziko sawa."

"Wewe umepima kwa mashine. Mimi nasikia."

"Labda..." Binti alimtazama baba yake, akamtazama mgeni, akanyamaza.

Mwenye akili zake angeishia hapo. Fundi hakuishia, maana alitaka rafiki yake aone ufundi. Akachomoa waya, akashika bisibisi, akafungua upande wa kulia pale pale mezani. Ncha ya bisibisi ikateleza na utando ukachanika bila hata mlio. Mgeni akamaliza chai yake harakaharaka, akasema wataonana siku nyingine, kwa ile sauti ambayo kila mtu anajua maana yake.

Jumatatu asubuhi Fundi alibaki nyumbani peke yake. Aliketi mezani kutafuta kosa la binti kwa kioo cha kukuzia, asilione. Upande wa kushoto ulikuwa mzima. Akauwasha huo mmoja, akauweka sikio la kushoto: vidole, nyuzi, pumzi, vyote vipo. Kisha, bila hata kuwaza, akauhamishia sikio la kulia.

Blanketi.

Akaurudisha kushoto. Akaupeleka tena kulia. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, halafu akauweka chini, na aibu ikamvaa kuanzia shingoni. Kabla hujafungua hedifoni, zigeuze, kulia kuwe kushoto. Kasoro ikihama, ni ya kifaa. Isipohama, ni ya msikilizaji. Hilo alimfundisha binti yeye mwenyewe, binti akiwa na miaka minane, amesimama juu ya stuli kibandani. Na mwalimu hakugeuza. Akawakumbuka na wateja wawili waliorudisha redio wakidai bado inakwaruza, naye akawafokea kwamba hawajui kusikiliza. Aliona haya mbele ya viti vitupu.

Angesema siku hiyo hiyo. Hakusema. Jioni mkewe aliuliza kosa lilikuwa nini hasa, na binti akajibu, "Ni mimi, Mama. Sikuuvuta utando sawasawa." Fundi alitafuna chakula chake, akaomba chumvi ambayo hakuihitaji.

Jumatano binti alimaliza utando mpya, akamletea hedifoni kwa mikono miwili. Mama alisimama mlangoni akifuta mikono.

"Sasa kulia vipi, Baba?"

Fundi alisikiliza. Akazivua, akazigeuza mbele yao wote wawili, taratibu, waone anachofanya, akazivaa tena.

"Kulia bado," alisema. "Nimezigeuza, na kulia bado. Si hedifoni, mwanangu. Ni sikio langu. Na Jumamosi lilikuwa sikio langu."

Mkewe alishika mwimo wa mlango. Binti hakushtuka, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi zaidi.

"Ulijua?"

"Tangu ulipoanza kupokea simu kwa kushoto. Jumamosi nilitaka kukwambia ugeuze. Lakini mgeni alikuwa amekaa pale."

Yaani mtoto aliona bisibisi ikiingia kwenye kazi yake ya miezi minne, akaona na ajira inaondoka mlangoni, akanyamaza ili baba asiumbuke. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Akajikaza kisabuni, akachukua simu, akaiweka sikio la kushoto bila kujificha.

"Ndugu yangu, zile hedifoni zilikuwa nzima," alisema. "Mbovu nilikuwa mimi. Sikio la kulia halisikii."

Studio ilikuwa na kelele. Rafiki yake akaomba arudie. Fundi akarudia kwa nguvu, dirisha likiwa wazi, na muuza mkaa wa upande wa pili wa barabara akageuka kutazama.

"Basi aje nazo kesho saa nne," alisema mwenye studio. "Lakini aje peke yake."

Fundi akakata simu.

"Amesema uende nazo kesho saa nne," alimwambia binti. Hilo lililobaki alitaka kulimeza, kisha akaona wiki hii amemeza ya kutosha. "Amesema uende peke yako."