Kufuli la Bomba

Mashuka ya gesti yalikuwa yamelowekwa tangu alfajiri, povu limeanza kufa, ndipo Mama Sabuni alipobeba ndoo na kukuta bomba la uani limetiwa kufuli la namba. Baba mwenye nyumba alikuwa amepita mlango kwa mlango akitangaza: maji yamepanda bei, na kodi ipande, la sivyo bomba halifunguliwi. Mashuka yalitakiwa saa kumi, yamekauka. Yakichelewa, kazi anapewa mwingine.

Kinyozi wa chumba cha mbele akalichungulia kufuli. "Magurudumu matatu, kila moja namba kumi. Thelathini tu hizo, dada. Tunazimaliza chai haijapoa."

Mama Sabuni akacheka mpaka akakaa chini. Alikumbuka enzi zile yeye na shoga yake wakilala chumba kimoja humu humu, blauzi nne na sketi tatu za kuvaa kwa zamu. Kila blauzi ilitoka na kila sketi. Mitindo kumi na miwili, mtaa mzima ukaamini wana mabwana wenye nazo. Siku hizo uani hapalaliki kwa soga, mtu unakuja kuchota ndoo moja unaondoka na habari za wiki nzima. Shoga alishahama. Kodi ilimshinda.

"Hazijumlishwi, kaka, zinazidishwa. Kumi mara kumi mara kumi. Ni elfu hizo."

Kinyozi akaguna. Mama Sabuni alishaanza: sifuri, sifuri, sifuri. Vidole vyake vilipochoka akapokea kinyozi, kisha muuza mitumba, kisha bibi wa chumba cha pembeni, ambaye tangu amzike mumewe alikuwa haonekani nje. Vigoda vikaletwa. Nani kaachwa, nani kaoa kwa siri, yote yakapekuliwa. Mara mbili walipotea kwa kucheka, ikabidi warudi nyuma.

Jua halijafika utosini, kufuli likaachia mikononi mwa bibi. Akanuna kidogo: habari za yule seremala aliyeoa kwa siri zilikuwa hazijaisha.

Mashuka yakasuuzwa, yakaanikwa, yakafika gesti kwa wakati. Kinyozi naye akagundua kitufe cha kubadilishia namba. Wakaweka yao, wakafunga.

Jioni baba mwenye nyumba akaja kuona nani amesalimu amri, akataka kwanza kunawa vumbi. Akazungusha, akavuta. Akazungusha tena.

"Nani kachezea kufuli langu?"

Mama Sabuni akamsogezea kigoda. "Ziko elfu tu, mzee. Anza na sifuri, sisi tutakupigia soga."