Siku Tatu Bila Kufungua

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hao hawakuwahi kuuguza kidonda Butali.

Mimi Gentrix nimekuwa muuguzi miaka kumi na moja, na sijawahi kuuchukia wema wa watu kama wiki ile ya mwaka 1994. Shemeji yangu Osundwa, mkata miwa, alijikata muundi kwa panga. Kidonda kikaoza. Daktari akasema Ijumaa ikifika bila nyama mpya, mguu utakatwa. Mkata miwa wa mguu mmoja atalishaje watoto wanne?

Dawa hospitalini zilikuwa zimeisha, kwa hiyo nikatengeneza bandeji yangu, niliyokwisha kuijaribu kwa wagonjwa wawili. Nilichemsha vitambaa laini vya pamba, nikavikausha, nikavilowesha asali ya msituni kutoka Shinyalu, safu juu ya safu. Asali huua vijidudu. Sharti lake ni moja: usifungue siku tatu, maana nyama changa hung'oka na kitambaa.

"Dada, siku tatu," nilimwambia Navalayo, mkewe, siku ya Jumamosi. "Hata akija askofu."

Jumanne nilikuta fundo ambalo si langu, na harufu ile ile ya kuoza.

"Nimefungua mara nne," Navalayo akakiri. "Watu wanakujanga kuona mgonjwa, Gentrix. Wasipoona kidonda wanasema ni ule ugonjwa."

Ule ugonjwa hakuna aliyeutaja jina. Jirani yetu alifungiwa ndani hivyo hivyo, na alipozikwa hakuna aliyenunua tena mboga za mjane wake. Nilitaka kumzaba dada yangu kofi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimwelewa.

Nikafunga upya kwa asali iliyobaki, nikaomba ruhusa kazini, nikakaa mlangoni kama mbwa mkali. Akina mama wa kanisa walileta uji. Nikapokea uji, nikawazuia wao. Jumatano hakuja mtu. Alhamisi asubuhi binti yao mkubwa alirudi kutoka kisimani na mtungi mtupu, ameambiwa akachote kwingine. Osundwa alimsikia akilia jikoni. Akageukia ukuta.

Saa kumi jioni akaja Lusweti, nyapara wa Osundwa, na wakata miwa wenzake sita.

"Mtu amejikata tu," akasema, "mbona mnamfichanga?"

"Kesho asubuhi mtaona," nikamsihi. Nilipiga magoti, mimi, mbele ya Lusweti. "Usiku mmoja tu, baba. Nawaomba."

Nyuma yangu nikasikia kitambaa kikichanika.

Osundwa alikuwa ameketi, ameing'oa bandeji yote kwa mikono yake. Chini yake palikuwa na nyama mpya. Niliiona, nyekundu, safi, imejaa karibu kidonda kizima, na nusu yake ilikuwa imebaki kwenye kitambaa. Damu ikatiririka mkekani.

"Tazameni," akasema. "Ni panga."

Wakainama wote wakatazama. Lusweti akashusha pumzi, akamshika mkono.

"Pole sana, ndugu yangu. Ni panga kweli."

Nilitafuta asali kwenye chupa, nikakwangua kwa kidole, haikutosha hata kulowesha kitambaa kimoja.

Ijumaa walikuja wengi, na kuku, na unga. Wakambeba wenyewe kwa zamu hadi kwa daktari, na Navalayo akatangulia mbele yao, akiwasalimu majirani kwa majina.